Tuachieni Mtazamo Wetu

Tatizo ni mtazamo. Ingia ofisi yoyote mjini Kasese, iwe ya serikali, ya chama cha ushirika au ya shirika la wafadhili, na utaisikia kauli hiyo kabla chai haijapoa. Kahawa imeshuka ubora? Mtazamo. Wafanyakazi wanakaa kimya mkutanoni? Mtazamo. Kikundi cha vijana kimekula mtaji? Mtazamo huohuo. Serikali ya Uganda nayo imeipandisha cheo kauli hii ikawa sera. Mpango wa Tatu wa Taifa wa Maendeleo, ulioanza mwaka wa fedha wa 2020/21, ulikuwa na programu nzima ya kuhamasisha jamii na kubadilisha mtazamo wake; na PDM, ule mpango wa kupeleka fedha parishi kwa parishi uliozinduliwa Februari 2022, ukaufanya mtazamo kuwa nguzo mojawapo kati ya saba.

Juu ya msingi huo wamejenga watu wengine, wasomi zaidi: washauri wanaokuja na sayansi ya tabia za binadamu. Hawa hawamwiti mtu wa Maliba, huku wilayani kwetu, mvivu. Wana adabu zao. Wanasema ubongo wa binadamu, uwe wa Maliba au wa London, umefungwa na mazoea, na kwamba ukimsukuma mtu kidogo tu, kwa zawadi, kwa mchezo, kwa zoezi la kufikiri kwa uhuru, ubunifu wake utafunguka na timu nzima itachangamka. Kwa hiyo, lipieni semina.

Nabisha. Sayansi yenyewe naiheshimu, pengine kuliko baadhi ya wanaoiuza. Ninachokibisha ni hitimisho lao, kwamba ubunifu umefungiwa kichwani mwa mfanyakazi na ufunguo wake ni somo. Katika wilaya hii umefungiwa mahali pengine kabisa: pale panapoamuliwa nani atabeba hasara wazo jipya likishindwa, na nani atakula likifaulu. Mahali hapo semina haipagusi, na nadhani ndiyo sababu wakubwa wanazipenda semina.

Anayezijua warsha hizi anajua mpangilio wake. Mwezeshaji anatoka Kampala. Kuna karatasi za rangi za kubandika ukutani, kalamu za wino mzito, na tangazo kwamba leo hakuna wazo baya, kila mtu aseme lolote linalomjia. Bosi amekaa kiti cha mbele akitabasamu. Baada ya chakula cha mchana kuna mchezo wa kuvuta kamba au kujenga mnara kwa mirija. Jioni watu wanatia saini, wanapokea nauli na posho, wanaondoka. Karatasi za rangi hubaki ukutani mpaka mfagiaji wa hoteli azibandue.

Utaratibu huo wa kumwaga mawazo kwa pamoja bila kukosoana una baba yake: Alex Osborn, bwana wa matangazo ya biashara wa Marekani, ambaye kitabu chake *Applied Imagination* kilitoka mwaka 1953. Haikupita miaka mingi ukapimwa. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, walilinganisha vikundi vya watu wanne waliofikiri pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa na yaliyofanana yakaondolewa. Waliokaa peke yao waliwashinda mbali wenzao. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni nini: zamu. Katika kikundi anasema mmoja tu kwa wakati, na unapomngoja amalize, wazo lako limeshakutoka au umeshaliona halifai. Kwa maneno mengine, sayansi ya tabia inayotangazwa mlangoni mwa semina ndiyo hiyohiyo iliyoisuta semina tangu enzi za babu zetu. Na hapo tunazungumzia wanafunzi wa Yale, wasio na deni kwa yeyote aliyemo chumbani. Mpeleke sasa karani wa Kasese, ambaye mkataba wake unaisha Juni na anayeuhuisha amekaa kiti cha mbele, umwambie hakuna wazo baya. Atacheka moyoni.

Dawa yao ya pili ni zawadi: mfanyakazi bora wa mwezi, picha ukutani, bahasha kwa mwenye wazo zuri. Mwaka 1962 Sam Glucksberg alichukua fumbo la mshumaa lililobuniwa na Karl Duncker. Unapewa mshumaa, vibiriti na kisanduku cha misumari midogo, uusimamishe mshumaa ukutani bila nta kudondoka mezani. Siri yake ni kuona kwamba kisanduku nacho ni kifaa, kinaweza kupigiliwa ukutani kikawa kishikizo. Glucksberg aliwaahidi baadhi ya watu fedha wakimaliza haraka. Hao ndio waliochelewa zaidi. Alipoitoa misumari kisandukuni, fumbo likawa la wazi, na hapo waliolipwa wakawa wepesi. Fedha humwongezea mtu mbio katika njia anayoiona; njia asiyoiona humzidishia upofu. Aliyesoma utafiti huo hawezi kuja kutuuzia bahasha kama chanzo cha ubunifu.

Nisiwe kama ninayeokota tafiti zinazonifaa tu. Fani hii ina makovu. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha jinsi sehemu kubwa ya madai yake kuhusu binadamu ilivyotokana na watu wa jamii chache tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo. Na utafiti mmoja mashuhuri wa 2012, uliodai kwamba ukimfanya mtu atie saini ya uaminifu juu ya fomu badala ya chini atasema ukweli zaidi, ulifutwa mwaka 2021 baada ya sehemu ya data zake kuonekana zimeghushiwa. Utafiti kuhusu uaminifu, tafadhali. Nasema haya ili anayenukuu sayansi ya tabia aache kuinukuu kama msahafu.

Lakini ofisi za mjini si mahali pazuri pa kuumaliza ubishi huu. Tupande Maliba.

Huku chini ya Rwenzori mahali pa kazi pa kwanza ni shamba la kahawa mteremkoni, na timu ya kwanza ni mume, mke na watoto waliofikia umri wa kubeba beseni. Kahawa ya milima hii ni arabika. Kwa miaka mingi sokoni iliitwa drugar, yaani arabika ya Uganda iliyokaushwa juani pamoja na ganda lake, na jina hilo lilitembea na bei ya chini. Sababu zilijulikana: matunda yalichumwa mabichi na mabivu pamoja, yakaanikwa kwenye udongo mtupu, yakaokota vumbi na ukungu. Wataalamu walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba wakulima hawajui. Basi wakafundishwa. Chuma nyekundu, acha kijani. Wakafundishwa tena. Kijani ikaendelea kuja.

Hebu tumfikirie mkulima ambaye amezaliwa chini ya mti wa kahawa, amelipiwa ada kwa kahawa, ameolewa au ameoa kwa kahawa, halafu hajui kahawa mbivu ina rangi gani. Ni tusi, hata likitamkwa kwa upole.

Walichokuwa wanakijua wakulima na mtaalamu hakukiuliza ni hiki. Mke ndiye anayepalilia, anayechuma, anayebeba na kuanika. Mume ndiye anayeuza, na fedha huishia mfukoni mwake. Mama anayehitaji chumvi, sabuni na madaftari ya watoto, akijua kwamba siku ya mauzo haitamletea kitu, huchuma beseni moja la kijani mapema na kumuuzia mchuuzi kimyakimya. Mume naye ana haja zake ambazo hataki zijadiliwe nyumbani, hivyo huwahi kabla ya mke. Kila mmoja anamkimbiza mwenzake kwenye mti uleule, na tunda haliachwi liive. Ng'ambo ya kusini, mkoani Kagera, Watanzania wana jina la ndugu wa balaa hili: butura, kuuza kahawa ingali ua. Aliyeshaipokea fedha ya ua ana sababu gani ya kuilea punje?

Angalia basi ni ubunifu kiasi gani ulikuwamo katika kahawa ile mbaya. Saa ya kuchuma bila kuonekana, mchuuzi asiyesema, beseni linalofichwa chini ya majani ya maharage, bei inayopatanwa kwa jicho. Watu wa timu moja walikuwa wabunifu mno, kila mmoja dhidi ya mwenzake. Hawa hawakukosa mtazamo. Walikuwa na hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Hapa ndipo wilaya yetu ilipotoa jambo ambalo dunia ilikuja kulisoma, nasi tumelisahau. Kyarumba, upande wa pili wa wilaya hii, kuna chama cha ushirika cha Bukonzo Joint kilichoanza mwaka 1999. Katika miaka ya 2000, pamoja na Mwingereza Linda Mayoux, wanachama wake walijenga utaratibu unaojulikana kwa jina la GALS. Vifaa vyake ni daftari na kalamu. Kila mtu, hata asiyejua kusoma, huchora kwanza katika daftari lake. Mmoja wa michoro hiyo ni mti. Mizizi ni kazi na mapato: upande huu ya mke, upande ule ya mume, katikati ya pamoja. Matawi ni matumizi, kwa mpango uleule. Kwenye shina huandikwa mali ni ya nani. Ukimaliza unautazama mti wako, na mara nyingi umeinama: mizizi minene upande mmoja, matunda upande mwingine. Hakuna mwezeshaji aliyekuambia. Umeuchora mwenyewe.

Baada ya mti kulikuwa na mambo ya kubadilisha, na yalikuwa ya kushikika: nani anakwenda kuuza, nani anajua bei, fedha inakaa wapi, jina la nani limo kwenye makubaliano ya ardhi. Zipo kaya zilizofikia kuandika majina mawili, la mume na la mke, kwenye hati ya shamba. Katika mlima huu mtu anaweza kumaliza mwaka mzima wa semina asiguse hati. Na mgawanyo ulipobadilika, kahawa nyekundu ikaja. Ushirika ukajenga vituo vidogo vya kuoshea kahawa, ukaingia katika soko la kahawa ya kilimo hai na biashara ya haki. Oxfam Novib ya Uholanzi iliubeba utaratibu huo katika nchi nyingine, na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kilimo, ukaufuata.

Najua mtu wa mtazamo ameshainua mkono. Anasema: hiyo GALS yako si mafunzo pia? Watu hawakukusanywa wakachora karatasi? Pingamizi hilo ni zuri kuliko yote wanayoweza kuleta, na sitalikwepa. Ndiyo, walikusanywa, na ndiyo, walijifunza. Lakini tazama kilichofundishwa na kilichotikiswa. Somo halikuwa kwamba mkulima awaze vizuri zaidi. Lilikuwa picha ya nani anafanya na nani anapata, na baada ya picha ile kitu kilihama mkono: fedha, bei, saini. Angalia pia kwamba kila mtu alichora peke yake kabla ya kusema, ndilo jambo hasa ambalo Diehl na Stroebe wangelishauri. Hakungoja zamu nyuma ya mzee wa kijiji. Ukiondoa uhamisho huo wa mali ukabaki na michoro, umerudi hotelini kwenye karatasi za rangi. Ninashuku kwamba katika baadhi ya nchi utaratibu huu umeshafika ukiwa hivyo, mwongozo wenye picha nzuri za miti na wafadhili walioridhika, na shamba bado kwa jina moja.

Kuna mfano mwingine ambao umetuzunguka kiasi kwamba hatuuoni. Katika kila ofisi ya umma kuna sanduku la maoni. Limepigiliwa karibu na mlango, lina kufuli moja, na ufunguo anao mkuu wa ofisi, yaani mtu ambaye maoni mengi yangemhusu. Mara nyingi halina kitu ila vumbi na karatasi ya pipi. Sasa nenda Jumapili mchana kwenye kikundi cha akiba cha akina mama, Bwera au Maliba. Nao wana sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Haliwezi kufunguliwa isipokuwa mbele ya wote. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika kwetu, ukaota mizizi. Katika duara lile utamsikia mama asiyesema neno mbele ya afisa yeyote akipendekeza riba ishuke, akitetea mkopo wa ajabu wa mwenzake, akibishana na mwenyekiti. Hajabadilishwa mtazamo. Anajua fedha iliyomo ni yake na hakuna mmoja anayeweza kumfungia.

Masanduku mawili, watu walewale. Mtaalamu wa tabia anayetaka kujifunza kitu kuhusu timu angekaa hapo mchana mmoja.

Watasema tena: nyinyi mna utamaduni wa heshima, mdogo hambishii mkubwa, na bila kubishana hakuna jipya. Kauli hii huja na huruma nyingi, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Sitaki kuamsha majeraha ya mauaji ya Novemba 2016, lakini historia ya milima hii haifichiki: tangu 1962 harakati ya Rwenzururu iliendesha utawala wake huko juu, ukikusanya kodi na kuendesha shule, hadi kiongozi wake, Charles Wesley Mumbere, aliposhuka mwaka 1982. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu harakati ile. Kusema kwamba waliozaa jambo hilo hawawezi kubuni wala kuwabishia wakubwa ni kichekesho.

Kama mnataka mfano wa kazini, upo. Juni 2019 familia moja ilivuka kutoka Kongo, ambako ebola ilikuwa imetanda Kivu Kaskazini na Ituri, ikampeleka mtoto wa miaka 5 katika hospitali ya Kagando. Wahudumu pale walimtazama wakashuku ebola, wakasema, na mtoto akahamishiwa Bwera kutengwa. Vipimo vikathibitisha. Ilikuwa mara ya kwanza mlipuko ule kuvuka hadi Uganda. Mtoto huyo alifariki, na wawili wa familia yake pia, lakini ugonjwa haukusambaa wilayani.

Kusema neno "ebola" mbele ya mgonjwa mwenye homa ni kazi ngumu. Ukikosea umetia hofu hospitali nzima. Mbona walisema? Shirika la Afya Duniani lilieleza wakati ule kwamba kabla ya hapo Uganda ilikwisha kupokea tahadhari nyingi ambazo hazikuthibitika, na kwamba wahudumu wapatao 4,700 katika vituo 165 walikuwa wameshachanjwa. Zizingatie tahadhari zile zilizoishia patupu. Kila moja ilitolewa na mtu aliyekosea, ikapokewa, ikapimwa, kazi ikaendelea. Mfumo ulikuwa umeshalipa gharama ya makosa kabla ya siku ya kupatia. Amy Edmondson alikuta jambo la jamaa na hili katika hospitali za Marekani miaka ya 1990: timu nzuri za wauguzi ziliripoti makosa mengi ya dawa, wala si machache, kwa sababu kwao kosa liliweza kusemwa. Watu huichukua kazi ya Edmondson wakaitafsiri kuwa viongozi watabasamu zaidi. Kagando hapakuhitajika tabasamu. Palihitajika chanjo, njia ya kupeleka sampuli, na uhakika kwamba anayeshuku bure hatapoteza kazi.

Sasa turudi kwa afisa ugani wa Maliba, mwajiriwa wa serikali, na timu yake ndogo. Tuseme wana wazo: vitanda vya kuanikia vinavyoweza kubebwa, kwa sababu huku mvua haimngoji mtu, na waliokumbwa na mafuriko ya Mei 2020 hawahitaji kukumbushwa. Wajaribu kwa kaya chache, msimu mmoja. Huenda vitanda vikavunjika. Huenda wakulima wakavichoma kuni. Fedha ikitumika hivyo na jaribio likashindwa, afisa huyu ataitwa na mkaguzi aeleze, na maelezo yake yatakuwa kwamba alijaribu. Nisingependa kuwa katika viatu vyake siku hiyo. Fedha hiyohiyo akiilipia ukumbi wa hoteli, chakula, nauli na mwezeshaji wa siku mbili juu ya ubunifu, atahitaji stakabadhi na orodha ya waliohudhuria yenye saini. Hakuna atakayemuuliza kama kilibuniwa chochote, maana semina haina namna ya kushindwa.

Kwa hiyo naleta pendekezo moja kwa halmashauri, kwa vyama vya ushirika na kwa mashirika yanayotupenda. Chukueni nusu ya fungu la semina za mtazamo mliweke kama fungu la majaribio, na andikeni kwenye kanuni zake, kwa lugha ambayo mkaguzi ataikubali, kwamba sehemu kubwa ya majaribio hayo inatarajiwa kufeli na kwamba mtumishi atadaiwa maelezo ya alichojifunza, hatadaiwa fedha. Andikeni pia kwamba jaribio likifaulu, waliolibuni watapata sehemu, kwa majina, akiwemo yule mama aliyebeba beseni. Halafu waiteni wale washauri wa tabia muwaulize kama wako tayari kulipwa kwa kanuni hizohizo.